Namna ya kufundisha somo la sayansi kwa uchunguzi na kulitolea pointi: kwa walimu wenzangu wa Goma

Tangu mwaka wa masomo uanze, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Mwalimu wa Katoyi anapiga simu: "Wanafunzi wangu ni 62 na maabara hatuna, huo uchunguzi nitaufanyaje?" Wa Himbi anauliza: "Wakifanya kazi kwa vikundi, pointi naandikia nani?" Na kijana aliyemaliza ISP (chuo cha ualimu) juzi anauliza kwa sauti ya chini: "Matokeo yao yakitofautiana na kitabu, nawapa sufuri?" Nimeona niandike majibu yote mahali pamoja, kwa sababu swali hili la mwisho linaniuma. Mimi nilishawapa watoto sufuri hizo.

Nadharia ni fupi. Kufundisha kwa uchunguzi maana yake mtoto anapewa swali ambalo jibu lake bado hajaambiwa, anatafuta njia ya kulijibu kwa vitu anavyoweza kushika, anaandika alichokiona, kisha anatoa jibu lililosimama juu ya hicho alichokiona. Wafaransa wana harakati yao waliyoianza mwaka 1996, ikiongozwa na Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992. Waliiita La main à la pâte, yaani mkono uingie kwenye unga unaokandwa. Mama zetu walilijua hilo zamani: hakuna aliyejifunza kusonga bugali kwa kutazama mwiko.

Mfano nitakaoutumia ni wa kitu kizito kinachobembea kwenye kamba, yaani pendule. Nimeuchagua kwa sababu hauhitaji umeme, haulipuki, hauna harufu, na jibu lake linawashangaza hata watu wazima.

Vitu vya kuandaa

Kwa kila kikundi cha watoto sita:

- kamba nyembamba ya nailoni, mita moja
- ekru (nati) tatu zinazolingana, za garaji. Mafundi hutoa za kutu bure ukiwaeleza ni za shule
- rula, au utepe wa kupimia wa fundi cherehani
- kalamu ya risasi ya kufungia kamba, na kitabu kizito cha kuikandamiza ukingoni mwa dawati

Kwa darasa zima: simu yako yenye saa ya kuhesabu sekunde, chaki, na tablo iliyofutwa vizuri. Kila mtoto awe na kaye (daftari) yake na biki (kalamu ya wino). Kifutio kisiwepo kabisa. Namba iliyokosewa inakatwa kwa mstari mmoja ili isomeke bado, nawe utaona baadaye kwa nini.

Unahitaji masomo mawili ya dakika 50. Ukijaribu kumaliza kwa somo moja, utajikuta unawaambia jibu dakika ya 45 ili ufunge, na kazi yote itakuwa imekwenda bure.

Hatua kwa hatua

1. Fanya jaribio peke yako nyumbani. Lifanye lote, kwa vitu vile vile watakavyovitumia watoto. Funga kamba, pima sentimeta 60 kutoka kalamu hadi katikati ya ekru, vuta kidogo, achia, hesabu mara ngapi inakwenda na kurudi katika sekunde 30. Utapata kama 19. Fupisha hadi sentimeta 30, utapata kama 27. Fupisha hadi 15, utapata 38 au 39. Kisha ongeza ekru ya pili na ya tatu bila kubadili urefu, uone mwenyewe kwamba hesabu inabaki pale pale. Mwalimu ambaye hakulijaribu huogopa namba za watoto, na akiogopa ataanza kuwaelekeza.

2. Tengeneza swali. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wetu tunakosea kwa sababu tumezoea kuanza na maana ya neno. "Pendule ni nini?" si swali la uchunguzi, jibu lake linanakiliwa kutoka kitabuni. "Kwa nini pendule simple haitegemei uzito?" ni baya zaidi, kwa kuwa limeshatoa jibu ndani yake. Swali zuri lina mambo matatu: mtoto anaweza kulipima kwa vitu vilivyo mezani, linaweza kuisha kwa muda ulio nao, na darasa litagawanyika katika kulijibu. Mimi naanza hivi: "Mtoto mnene na mtoto mwembamba wanabembea kila mmoja kwenye kamba yake mtini. Kamba zina urefu sawa. Nani atakwenda na kurudi haraka zaidi?" Kelele zitapanda. Waache wabishane dakika tatu. Kisha andika tabloni swali lenyewe: ni nini kinachofanya kitu kibembee haraka zaidi?

Wabishane kwa Kiswahili. Najua somo linaandikwa kwa Kifaransa na mtihani utakuja kwa Kifaransa. Lakini ukilazimisha Kifaransa katika dakika hizi za kwanza, watoto wanne watasema na 58 watanyamaza, na hao 58 wana mawazo. Kifaransa kitaingia hatua ya nane, wakati wanachokisema tayari kiko wazi vichwani mwao.

3. Kila mtoto aandike utabiri wake kwenye kaye, na sababu yake. Sentensi mbili zinatosha. Usimsahihishe mtu. Usitikise kichwa, usitabasamu kwa yule aliyepatia. Wanakusoma uso kuliko unavyodhani.

4. Gawa vikundi vya sita na mpe kila mmoja kazi: mmoja anashika kalamu na kamba, mmoja anavuta na kuachia, wawili wanahesabu bila kuambiana, mmoja anaandika namba za kikundi, mmoja anaangalia kwamba hakuna kilichobadilishwa kwa bahati mbaya. Zungusha kazi kila baada ya vipimo vitatu. Wasichana wasibaki na uandishi siku zote, maana vikundi vikiachwa vijipange vyenyewe ndivyo inavyokuwa.

5. Wapange njia yao kabla ya kugusa kamba. Wape dakika kumi. Kila kikundi kijibu: tutabadilisha nini, na nini hatutabadilisha? Kanuni ni moja tu, iandike juu ya tablo na uiache hapo: *badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja*. Kikundi kikisema kitaongeza ekru na kufupisha kamba pamoja, usiseme "hapana". Uliza: "Ikienda haraka zaidi, mtajuaje ni kwa sababu ya ekru au ya kamba?" Kisha ondoka. Rudi baada ya dakika mbili.

6. Wapime, mara tatu kwa kila hali. Simu ni moja, kwa hiyo darasa zima linapima pamoja. Unasema "achia", unahesabu sekunde 30, unasema "simama". Vikundi vyote vinaandika kwa wakati mmoja. Kwa njia hii watoto 62 wanafanya jaribio bila kifaa chochote cha duka, na wewe unabaki mbele ukiwaona wote.

Angalia makosa mawili yanayorudi kila mwaka. La kwanza: wanafunga ekru ya pili chini ya ya kwanza kama mnyororo. Hapo urefu umebadilika bila wao kujua, nao watasema uzito unapunguza mwendo. Ekru zote zikae kwenye fundo moja. La pili: wanavuta kwa nguvu hadi kamba inakuwa mlalo. Upana mdogo unatosha, kama wa kiganja kimoja.

7. Chora jedwali moja kubwa tabloni na ulijaze kwa namba za vikundi vyote. Usifiche namba ya ajabu. Kumi wakiwa na 19 na mmoja akiwa na 24, uliza darasa: "Tuifanyeje hii?" Majibu yatakayotoka hapo yana thamani kuliko somo zima la kitabu.

8. Kila mtoto aandike hitimisho lake kwenye kaye, peke yake, kwa Kifaransa, akianza na maneno haya uliyoyaandika tabloni: *Je dis que… parce que j'ai mesuré…* (Nasema kwamba… kwa sababu nimepima…). Nusu ya pili ya sentensi ndiyo sayansi. Bila namba, hitimisho halijakamilika. Kisha aandike jambo moja ambalo lingeweza kuharibu vipimo vyake, na swali moja jipya.

9. Sasa fundisha. Ndiyo, sasa. Toa jina la kitu, toa neno période (muda wa kwenda na kurudi mara moja), toa fomula ikiwa darasa limefika hapo. Waonyeshe kwamba kutoka sentimeta 15 hadi 60 urefu umezidishwa mara nne, na hesabu imeshuka kutoka 38 hadi 19, yaani nusu. Fomula itaingia kwa watoto ambao wameshaishika kwa mikono yao.

Kutoa pointi

Hapa ndipo simu nyingi zinapotoka. Buletini inataka namba, prefe (mkuu wa shule) anataka namba, mzazi anataka namba. Mimi natumia 20, nikiigawa hivi:

- swali na utabiri wenye sababu: 3
- mpango: alibadilisha nini, alishikilia nini: 4
- vipimo: vimeandikwa vyote, mara tatu, na vipimo vya kipimio (sentimeta, sekunde) vipo: 5
- hitimisho lililosimama juu ya namba zake mwenyewe: 5
- kasoro aliyoiona na swali jipya: 3

Utabiri sahihi hauongezi pointi, na utabiri usio sahihi haupunguzi. Ukianza kulipa utabiri sahihi, mara ya pili watoto wote watasubiri mwenye akili aandike kwanza.

Pointi tano za vipimo ni za kikundi, kwa sababu walipima pamoja. Nyingine 15 ni za mtoto mmoja mmoja, kutoka kaye yake. Mwalimu wa Himbi, hilo ndilo jibu lako. Mvivu aliyekaa kwenye kikundi kizuri anapata zile tano, lakini 15 zinamngoja.

Sasa lile la sufuri. Mwaka mmoja, msichana wa mwaka wa nane aliandika 24 kwa kamba ya sentimeta 60, mara tatu, wakati darasa zima lilikuwa na 19. Nikampa 2 juu ya 5 kwenye vipimo na nikaandika "makosa" kwa biki nyekundu. Kesho yake alikuja mezani kwangu na kamba mkononi. Alikuwa ameipima upya: ilikuwa imejiviringisha kwenye kalamu, na urefu uliobaki ulikuwa sentimeta 39. Na kweli, kamba ya sentimeta 39 inatoa 24. Vipimo vyake vilikuwa sahihi kuliko vya wenzake wengi. Kilichokosewa ni urefu ulioandikwa juu ya jedwali. Tena kwenye sehemu ya kasoro alikuwa ameandika kwamba kamba "ilizunguka kidogo", nami sikuwa nimefika kusoma hapo. Nilimrudishia tano zake mbele ya darasa. Tangu siku hiyo nasoma sehemu ya kasoro kwanza, kabla ya jedwali.

Kwa hiyo: namba inayotofautiana na kitabu haipotezi pointi. Zinazopoteza ni namba bila urefu, kipimo kilichofanywa mara moja tu, hitimisho linalopingana na jedwali la mtoto mwenyewe, na namba za kubuni. Mtoto aliyepata 24 kisha akaandika 19 kwa kuwa ndivyo alivyoona kwa jirani, huyo ndiye amekosa. Ndiyo sababu ya kukataza kifutio: mstari mmoja juu ya namba unaonyesha njia aliyopita.

Kusahihisha kaye 62 hakuchukui usiku mzima ukifuata mgawanyo. Mimi natumia kama dakika mbili kwa kaye, saa mbili hivi kwa darasa. Mpango na utabiri nausahihisha nikizunguka darasani, naweka tiki na namba ndogo pembeni. Nyumbani nabaki na hitimisho na kasoro tu.

Pointi hizi ziingize kwenye kazi za kila siku za periodi (kipindi cha mwaka wa masomo). Ukihitaji juu ya 10, gawanya kwa mbili. Uchunguzi mmoja kwa periodi unatosha kwa mwanzo. Na mtihani wa semesta lazima nao uguse jambo hili, la sivyo watoto watajua kwamba uchunguzi ni mchezo na mtihani ndio shule. Weka swali kama hili: "Kikundi kimepata 39 kwa sentimeta 15, 27 kwa sentimeta 30, na 12 kwa sentimeta 60. Unatilia shaka kipimo kipi? Kwa nini? Ungefanya nini?" Hakuna aliyekariri anayeweza kulijibu, na aliyeshika kamba atalijibu kwa dakika tatu.

Tahadhari

Baada ya somo la kwanza utatamani kwenda mbali zaidi, na mji wetu una maswali kila kona: lava, ziwa, mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo. Vizuri. Ila sikiliza haya.

Usiwapeleke watoto kutafuta mazuku, yaani mahali penye hewa ya kuua inayotoka ardhini. Kamwe, hata ukiwa na mzee anayejua mahali. Hewa ile ni dioksidi ya kaboni kwa wingi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, inatuama kwenye mabonde na mashimo, na haionekani. Jambo hilo hilo unaweza kulionyesha mezani: mishumaa mitatu ya urefu tofauti ndani ya bidoni (dumu) iliyokatwa juu, vijiko viwili vya bikarbonati sakafuni mwake, kisha siki ikimiminwa taratibu pembeni. Mshumaa mfupi unazimika kwanza, kisha wa kati. Waulize kwa nini mbuzi na watoto wadogo ndio wanaoanguka kwanza. Mimina mwenyewe, dirisha likiwa wazi, wala mtu asiinamishe uso ndani ya bidoni.

Kipimajoto cha hospitali kisiingizwe kwenye maji ya moto, kitapasuka. Ukipata cha maabara, usishtuke maji yakichemka karibu na digrii 95 badala ya 100. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hilo lenyewe ni uchunguzi mzuri. Maji yaliyochujwa kwa mchanga na kokoto za lava yanaweza kung'aa na bado yasinyweke. Sema hivyo kabla ya kuanza, kwa sababu kuna mtoto atakayekunywa.

Mambo yakienda vibaya

*Kelele imezidi.* Sikiliza wanasema nini kabla ya kupiga meza. Wakibishania kamba, waache. Wakizungumzia mpira, kikundi hicho hakina kazi ya kutosha. Wape kipimo cha ziada.

*Mvua inapiga bati na hawasikii "achia".* Tumia mkono. Mkono juu, jiandaeni. Mkono chini, achia. Mimi sasa nafanya hivyo hata jua likiwaka.

*Mmoja anafanya kila kitu.* Mpe kazi ya kuangalia tu, mikono nyuma, kwa vipimo vitatu. Wengine wataanza.

*Namba za kikundi ni safi mno, 19, 19, 19 kila mahali.* Uliza wale wawili waliohesabu, kila mmoja peke yake, waonyeshe kaye zao. Kama walibuni, vipimo vyao ni sufuri juu ya tano, na wape nafasi ya kupima upya wakati wa mapumziko. Wakipima upya kwa kweli, wape tatu.

*Vikundi havikubaliani kabisa.* Mara nyingi ni urefu. Mmoja anapima hadi fundo, mwingine hadi chini ya ekru. Wote wapime hadi katikati ya ekru, kisha rudieni kipimo kimoja tu pamoja.

*Inspekta anasema hukufuata programu.* Mwonyeshe fishi yako ya maandalizi. Programu ya sayansi ya mwaka wa saba na wa nane yenyewe inataka somo lianze na hali halisi ya maisha, na mtoto mnene na mwembamba kwenye kamba ni hali halisi. Kisha mpe kaye mbili, ya mtoto aliyepata 17 na ya aliyepata 8, akae nazo dakika tano.

*Mzazi analalamika kaye haina somo la kunakili.* Mwombe amuulize mtoto wake nyumbani, kwa Kiswahili: "Mnene na mwembamba, nani anabembea haraka?" Andaa kamba, maana mtoto ataiomba.